Macho Yangu Yalikuwa Juu

Tii. Tii. Tii.

Sauti hiyo iliniamsha kabla hakujapambazuka. Haikuwa jogoo wala mtoto. Ilikuwa chaja ya betri za droni, inayokaa jikoni kwangu juu ya rafu ya sufuria. Betri zikishiba, chaja hulia hivyo mpaka mtu aende akaichomoe.

Siku nyingine ningekurupuka niizime ili mjukuu wangu aendelee kulala kidogo. Alfajiri ile niliiacha ilie. Nilikuwa nimejifunika shuka hadi puani, natafuta ugonjwa wa kuugua.

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua kwa nini. Kwa waliochelewa, nasimulia kwa ufupi, maana hata ufupi wake unanitia haya.

Mjukuu wangu wa kike tunamwita Taratibu, kwa sababu hata soksi huvaa kama anayemvalisha mtoto mchanga. Anasomea urubani wa droni, zile ndege ndogo zisizobeba mtu, ambazo rubani wake husimama chini na rimoti mkononi. Jumapili iliyopita nilimwomba airushe juu ya ukuta wa jirani yetu, ule ukuta mrefu uliompa jirani jina la Mama Ukuta, nione kuna nini ndani.

Alikataa. Kurusha juu ya nyumba ya mtu bila ruhusa yake ni kosa la kumfanya rubani anyimwe leseni. Nikambembeleza. Akakataa tena. Ndipo nikasema, "Mimi niliyekulea peke yangu, nimewahi kukuomba nini?"

Akairusha.

Kwenye kioo cha rimoti nikamwona mtoto wa Mama Ukuta, dereva wa malori, ambaye mama yake hutuambia kila siku kwamba yuko nchi za mbali, kazini. Alikuwa uani, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi miguuni. Akainua uso. Akatupungia mkono.

Hapo ndipo tulipoachana.

"Bibi, umesikia chaja?" Taratibu aliuliza kutoka chumbani kwake.

"Nimesikia."

"Mbona hujaichomoa?"

"Kichwa kinanigonga kidogo."

Akaja mlangoni, mswaki mdomoni, akanitazama. Mtoto uliyemlea anakujua ukidanganya. Ila huwa na adabu ya kutokusema.

"Bibi, leo ndiyo leo. Bila mwangalizi siruhusiwi hata kuwasha."

Mwangalizi ndiyo kazi yangu. Rubani macho yake yanakwenda na kurudi, mara kwenye kioo, mara angani, mara kwenye upepo. Kwa hiyo kanuni inataka pawe na mtu wa pili ambaye kazi yake ni moja tu, kuitazama ndege bila kuiacha. Akiona ndege wa kweli, waya au mtu anayekuja chini yake, anasema kwenye redio ya mkononi. Mimi maandishi ya karibu siyaoni hata uniwekee taa, lakini kipanga akiwa angani naona hata alivyokunja makucha. Chuo kilinipa mafunzo, kikanipima macho, kikanipitisha. Nilivaa kile kizibao cha rangi ya kung'aa hadi sokoni.

Siku za mwanzo niliwahi kuharibu. Mpita njia alinisabahi, nami nikageuka kumjibu kama nilivyofundishwa na mama yangu. Ndege ikaenda kukumbatia mti. Kuanzia siku hiyo Taratibu aliniambia, "Bibi, anayekusalimu mjibu, lakini macho yako yabaki juu. Hata akiwa nani."

Shikeni neno hilo. Ndilo lililoniponza.

"Ni kwa sababu ya Jumapili?" Taratibu aliuliza, akitema mate ya mswaki kwenye kopo.

"Jumapili hakuna aliyetuona."

"Yule alituona, Bibi. Alitupungia."

"Yule hatoki nje," nikasema.

Neno hilo lilinitoka haraka, na nikaona usoni mwake kwamba limemchoma. Alienda jikoni, akachomoa chaja, akashusha betri mbili. Moja yetu. Nyingine ya Fundi Simu, yenye utepe wa bluu.

Fundi Simu ni mwanafunzi mwenzake. Ana kibanda cha kutengeneza simu njia ya kwenda chuoni, na ndiye mtu mpole kuliko wote niliokutana nao kwenye uwanja ule. Ndege yetu ilipoanguka mtini, yeye ndiye aliyefunga mota mpya. Betri yetu ya pili ilipovimba kama shavu lenye jino bovu, alituazima yake bila kuombwa. Alisema tu, "Nimeona mnasota. Chukueni, mtanirudishia siku ya mtihani."

Siku ya mtihani ilikuwa imefika.

Tulipofika uwanjani tulimkuta amekwisha kusafisha mapanga yanayozunguka ya ndege yake kwa kitambaa. Aliponiona alivua kofia yake pana akanivika mimi.

"Bibi leo jua litakuwa kali, na wewe utatazama juu muda wote. Na kiti changu hiki hapa."

"Na wewe?"

"Mimi nikikaa nitasinzia. Nimekesha nasoma kanuni za anga mpaka nimeota nagongana na mwewe."

"Mwewe ndiye aliyekosea au wewe?" Taratibu akamuuliza.

"Mwewe. Hakuwa na leseni."

Tulicheka. Nilicheka na mimi. Nikamrudishia betri yake, akaiweka kwenye meza yake, utepe wa bluu ukitazama juu.

Msidhani kuwa rubani wa droni ni mchezo wa rimoti. Kwanza kuna darasa la hali ya hewa, ramani za anga, na sehemu za kuruka na zisizoruhusiwa. Kuna mtihani wa kuandika, ambao Taratibu aliurudia. Halafu unarusha kwenye kompyuta mpaka vidole vijue njia bila kuambiwa. Ndipo unapewa ndege yenyewe, na mazoezi yasiyoisha ya kupaa, kusimama hewani na kutua. Mwisho kabisa anakuja Mkaguzi kutoka kwenye mamlaka ya anga, mtu asiyecheka, na unarusha mbele yake.

Na siku ile nyuma ya Mkaguzi kulikuwa na kazi. Kampuni inayopeleka dawa na damu kwa droni hadi zahanati za milimani, kule gari lisikofika mvua zikinyesha, ilikuwa imeahidi kuwachukua watakaofaulu. Taratibu alikuwa ameacha kazi ya duka kwa ajili hiyo. Fundi Simu naye alikuwa amekwisha kubandika karatasi kibandani mwake: "Nafunga mwisho wa mwezi. Asanteni wateja wangu."

"Mjukuu wako anaanza," Mkaguzi aliniambia. "Halafu huyu fundi. Mwangalizi, nafasi yako ni pale kwenye bendera. Ukigeuka, mtihani umekwisha."

"Najua, baba."

Taratibu alisimama ndani ya duara la chokaa, upande wa pili wa uwanja. Mimi nilikuwa kwenye bendera, redio mkononi, kofia ya watu kichwani. Mkaguzi alisimama karibu yangu, na Fundi Simu kwenye meza yake nyuma yetu, akisubiri zamu.

"Mwangalizi, nakagua," sauti ya Taratibu ikasema kwenye redio. "Mapanga sawa. Betri sawa. Mahali pa kurudi pamewekwa. Anga?"

Nikabonyeza. "Anga safi, mama."

Ndege ikapaa. Tangu hapo sikuona tena ardhi.

Ilisimama juu ya koni ya kwanza kama imetundikwa kwa uzi. Ikaenda ya pili. Ikaanza kuchora namba nane, polepole, bila haraka ya mtu yeyote. Ule utaratibu wake ambao watoto wenzake waliucheka tangu shule sasa ulikuwa unampandisha.

Ndipo nikasikia viatu kwenye kokoto.

"Bibi Taratibu! Kumbe na wewe uko huku?"

Ilikuwa sauti ya Mama Ukuta.

Nikaikaza redio mkononi.

"Niko kazini, jirani," nikajibu, macho juu.

"Mbona hunitazami?"

"Haruhusiwi, mama," Fundi Simu akanisaidia. "Akigeuka tu, anamharibia mwenzake."

"Haya, basi tuongee hivyo hivyo kama waliogombana." Akasogea. Nilimsikia akihema, maana alikuwa ametembea. "Nimeambiwa ndege hizi zote hutoka hapa. Jumapili iliyopita, moja ilikuja juu ya ua wangu. Haikupita tu, ilisimama. Namtaka mwenyewe."

Mkaguzi aligeuka. Nilisikia kiatu chake.

"Ilisimama juu ya nyumba yako, mama?"

"Juu ya ua wangu wa ndani kabisa."

"Uliombwa ruhusa?"

"Na nani? Mimi nilisikia mvumo tu, nikatoka na mwiko mkononi."

"Ilikuwaje?"

"Kama hiyo. Zote si zinafanana? Ila ubavuni ilikuwa na kitu cha bluu. Utepe."

Jumapili tulikuwa tumeirusha kwa betri ya kuazimwa.

Hatua za Mkaguzi zikaenda kwenye meza. Hatua zikarudi.

"Betri hii ni ya nani?"

"Yangu," Fundi Simu akasema.

"Jumapili ulirusha juu ya nyumba za watu?"

Hakujibu. Nilijua ananitazama. Ngozi ya shingo yangu ilijua.

"Kijana, nakuuliza."

"Betri ni yangu," akasema tena. Hakuongeza neno.

Angeweza kuongeza. Maneno mawili tu, "Niliwaazima hawa," yangetosha. Hakuyasema. Mjukuu wangu alikuwa katikati ya namba nane, na Fundi alijua mkono wa rubani unavyotetemeka akisikia jina lake.

"Mwangalizi," Mkaguzi akasema. "Wewe ni jirani wa huyu mama. Jumapili uliona nani akirusha?"

Ndugu zangu wasomaji, mimi si mtu wa uongo. Waulizeni waliouza nami mboga, waulizeni niliozika nao. Sijawahi kumdanganya mtu nikimtazama machoni, siwezi, midomo hunicheza.

Lakini siku ile nilikuwa natazama juu. Nilikatazwa kumtazama mtu. Mbele yangu palikuwa na mbingu tupu na kidude cheusi kinachochora namba nane, na ndani ya kile kidude kulikuwa na maisha ya mtoto wangu.

"Mimi Jumapili sikuona kitu, baba," nikasema.

Uongo ulitoka laini kama salamu.

"Weka mashine yako kwenye sanduku, kijana," Mkaguzi akamwambia Fundi Simu. "Leo hufanyi mtihani. Na jina lako nalipeleka ofisini."

Nilisikia sanduku likifunguliwa. Nilisikia sponji ikisuguana na plastiki. Hakubamiza kitu.

Wakati huo huo, kutoka kushoto, mwewe akatokea. Wa kweli, mkubwa, akishuka moja kwa moja kwenye ndege yetu.

"Mwewe kushoto! Panda juu, mama! Panda!"

Taratibu akapanda. Mwewe akapita chini, akazunguka, akachoka na mchezo, akaenda zake. Ndege ikashuka pole pole ikatua katikati ya duara, vumbi likatulia.

"Safi," Mkaguzi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisifu. "Na mwangalizi safi sana. Ningekuwa na waangalizi kumi kama wewe, bibi, nisingekuwa na ajali."

Nilishusha macho. Shingo ilikuwa imekakamaa, na mwanga wa jua ulikuwa bado unacheza ndani ya macho yangu. Mtu wa kwanza niliyemwona ni Fundi Simu, amefunga sanduku lake, amesimama juani bila kofia.

Kofia yake nilikuwa nayo mimi.

"Huyu mbona anafungasha?" Mama Ukuta akauliza. "Si mlisema anafuata?"

"Amefutwa," Mkaguzi akajibu. "Kwa malalamiko yako, mama."

"Malalamiko? Yangu mimi?" Akashika kichwa. "Nani kalalamika? Nimekuja kumwomba arudi!"

Watu wote tukageuka.

"Mwanangu amelala ndani tangu lori lilipompindukia," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile tuliyoizoea ikitusimulia nchi za mbali. "Nimewaficha watu. Bibi Taratibu, nisamehe, nimekuwa nikiwadanganya. Alisema hataki mtu amwone vile, nikajenga ukuta. Alikuwa hali chakula mpaka nimlazimishe. Alikuwa haongei. Jumapili nilimtoa uani kwa nguvu apate jua, mara ile ndege ikaja. Akacheka. Akainua mkono! Tangu siku hiyo kila asubuhi ananiambia, 'Mama, nisukume nje, huenda ikapita.' Nikasema nitamtafuta mwenyewe, nimpigie magoti."

Akamwendea Fundi Simu, akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu. Na unisamehe, nimekuja kukushukuru nikakuharibia."

Fundi alimtazama yeye. Halafu akanitazama mimi, kidogo tu, kama mtu anayeangalia kama mvua inakuja.

"Usijali, mama," akasema.

Akameza shukrani zisizo zake na adhabu isiyo yake, zote kwa mkupuo mmoja.

"Baba," Mama Ukuta akamgeukia Mkaguzi, "mimi sina kesi. Nimemruhusu. Namruhusu sasa hivi."

"Ruhusa hutangulia, mama. Mwanao kufurahi ni jambo jema, lakini kesho mwingine atachungulia bafu la mtu aseme alikuwa anamfurahisha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kizibao changu. Jirani yangu alikuwa ameniomba msamaha mbele za watu kwa uongo wake. Mimi wangu nilikuwa bado naunyonya kama pipi.

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi. Na Taratibu akaja mbio, yeye asiyekimbia, akanirukia shingoni.

"Bibi, nimefaulu!"

Mlango ukajifunga.

Nilipoinua uso, Fundi Simu alikuwa amekwisha kuondoka. Nilimwona kwa mbali, sanduku begani, akikunja kona ya uzio.

Nyumbani Taratibu aliiweka karatasi ya matokeo mezani na glasi juu yake isipeperuke. Nilijishughulisha na vyombo vilivyokuwa safi.

"Bibi, Fundi mbona hakurusha?"

"Walimkuta na kosa."

"Kosa gani? Yule hata mstari wa chokaa haukanyagi."

Nikamsimulia. Nilianza na viatu kwenye kokoto, nikafika kwenye utepe wa bluu.

"Na wewe ulisema nini, Bibi?"

"Sikusema kitu."

"Hicho ndicho ninachokuuliza. Uliulizwa, ukasema nini?"

"Nilisema sikuona kitu."

Akakaa. Akaiondoa ile glasi juu ya karatasi, akairudisha.

"Nilikufundisha mimi," akasema taratibu. "Mtu akikusemesha, macho juu."

"Hapana, mama. Wewe ulinifundisha kazi. Hili lingine ni langu."

"Jumapili nilirusha mimi. Mkono ulikuwa wangu."

"Na ulimi ulikuwa wangu! Mimi ndiye niliyekulazimisha. Uliniambia hairuhusiwi, nikakutajia malezi."

Hakubisha. Angebisha ningepata nafuu.

"Naenda kwa Mkaguzi," akasema, akisimama.

Nikamkamata mkono. "Atakunyang'anya! Duka uliacha. Kampuni inawataka kuanzia wiki ijayo. Utaenda wapi?"

"Na Fundi ataenda wapi? Amebandika mpaka tangazo la kufunga kibanda."

"Nipe nafasi. Niende kwake kwanza mimi. Niseme kwa mdomo wangu. Akishajua, tutakwenda wote kwa Mkaguzi, mimi mbele."

Alinitazama muda mrefu. Macho yale nimeyapangusa matongo na machozi tangu yakiwa madogo kama ya panya. Siku hiyo yalikuwa makubwa kuliko yangu.

"Nenda, Bibi. Mimi nitasubiri mpaka kesho jioni. Kesho jioni usiposema wewe, nasema mimi."

Akanishushia ile kofia pana kutoka kwenye msumari. Akanipa mkononi.

Nilikwenda. Lakini miguu ya mwenye hatia hutafuta kisingizio. Nilipofika karibu na kibanda, nilisimama nyuma ya nguzo ya umeme, nikatoa simu yangu ndogo ya vibonye, nikaifungua mgongo, nikaitoa betri na kuirudisha kichwa chini.

Mwanamke wa umri wangu, nyuma ya nguzo, naharibu simu nzima ili nipate sababu ya kumwona mtu!

Fundi Simu alikuwa ameinamia meza, taa ndogo imefungwa kwenye paji la uso. Lile tangazo la kufunga halikuwa ukutani tena. Lilibaki alama ya gundi.

"Bibi! Karibu, karibu." Akasimama, akapangusa kiti kwa mkono. "Keti. Kumetokea nini?"

"Simu," nikasema. "Imekufa ghafla."

"Pole. Hebu tuione."

Nikamkabidhi. Kofia niliiweka magotini.

"Na kofia yako nimekuletea."

"Ungekaa nayo tu."

"Sio yangu, mwanangu."

Nilitaka kuendelea kutoka hapo. Nilikuwa nimeyapanga njiani. Mwanangu, mimi ndiye. Maneno mafupi ambayo hata mtoto angeyabeba. Mdomo ukawa mzito kama nimeng'atwa na nyuki.

"Joto lilikuwa kali leo," nikasema.

"Kali."

"Lakini upepo ulikuwepo."

"Upepo ulikuwepo, Bibi."

Akaifungua simu. Akaona betri ilivyokaa. Hakucheka, wala hakuniambia umeiweka vibaya. Aliitoa, akasugua vyuma vyake na kitambaa, akapuliza vumbi, akakaza kiskrubu kilichokuwa kimeshakazwa, akairudisha inavyotakiwa. Alifanya kazi nzima ya simu isiyougua ili nisione haya.

Hiyo ndiyo huruma iliyoniumiza kuliko tusi lolote.

"Jirani yako alipita hapa," akasema, macho kwenye simu. "Yule mama. Ameniomba niende kwake nirushe ndege, amsukume mwanawe uani aitazame. Safari hii kwa ruhusa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ile ndege haikuwa yangu."

"Akauliza ni ya nani?"

"Akauliza."

"Na wewe?"

"Nikamwambia mwenyewe yupo, na atakwenda siku akiwa tayari."

Taa ya paji la uso iliniangazia, akaizima. Kibanda kikawa na mwanga wa mlangoni tu. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Jumapili nilikuwa hapa hapa," akasema. "Ndege ilipita juu ya bati langu. Nilijua bila kutoka nje. Mota yake moja ya nyuma ina mluzi mwembamba. Niliifunga mimi ile mota, haikukaa sawasawa. Nimekuwa nikisema nitairekebisha."

Nikafungua mdomo. Wallahi niliufungua. Kilichotoka ni pumzi.

Akaniwekea simu mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mikono yake miwili, kama Mama Ukuta alivyomfanyia yeye asubuhi.

"Simu yako ni nzima, Bibi. Ilikuwa nzima tangu ulipotoka nyumbani."

Nikasimama. Kofia nikaiacha juu ya kiti. Akanishika kiwiko mpaka kizingitini, akaniangalizia ngazi iliyovunjika nisijikwae.

"Bibi."

Nikageuka. Safari hii niligeuka, nikamtazama usoni.

"Njoo tena kesho," akasema. "Lakini kesho njoo bila simu."